Kisa Kilichokatikia Ndani ya Blanketi

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mke wa kinyozi, anayejulikana kwa wateja wake kama Mama Vifungo
Umri: miaka 46
Kazi: fundi cherehani, kwa sasa anashona barakoa
Makazi: chumba cha nyuma ya duka la kinyozi, mkabala na karakana ya mbao
Kuhusu: Bibi Blanketi, mfukizaji, aliye mahabusu tangu jana

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimesikia Bibi Blanketi yuko ndani kwa kosa la kumzuia mume wangu asiende hospitali. Mume huyo ni wangu, na siku hiyo nilikuwepo. Nataka kusema nilichokiona ili bibi wa watu alale kwake.

Mume wangu wanamwita Redio, na jina hilo amelifanyia kazi. Ananyoa huku anasimulia, na nywele za mteja zikiisha kabla ya kisa, mteja anaombwa akae. Maradhi haya ya mlipuko yalipofunga maduka ya vinyozi, nilibaki msikilizaji peke yangu. Namshukuru Mungu cherehani yangu ina kelele.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu aliamka na homa na pua imeziba. Saa nne asubuhi tulikwenda kwa Bibi Blanketi, mtaa wa pili. Yeye huchemsha majani ya mkaratusi nje ya mlango wake, penye hewa, na kumfunika mgonjwa blanketi, mmoja mmoja. Blanketi lililotumika linaingia kwenye beseni la sabuni. Hakutuahidi kupona. Alisema, "Mimi nafungua pua tu. Kifua kina wenyewe, wako hospitali."

Ana sharti moja: aliye ndani ya blanketi lazima aongee. Ukinyamaza anakufunua. Kuna wanaoimba, kuna wanaohesabu watoto wa ndugu zao, na nimewahi kusikia mawifi wakisemwa humo mpaka maji yakapoa. Mume wangu alifurahi, maana tangu nimjue hajawahi kuamriwa kuongea. Akaanza kisa cha mteja aliyesinzia kwenye kiti cha kunyolea akaamka na ndevu upande mmoja.

Alipofika mteja anapoomba kioo, alisema neno, akapumua, akasema jingine, akapumua tena. Mimi nilidhani anatia chumvi kama kawaida yake. Bibi akamwambia, "Malizia, baba." Akajibu, "Ngoja... bibi... ngoja kwanza."

Bibi akalivuta blanketi pale pale. Midomo ya mume wangu ilikuwa imebadilika rangi.

Akaniambia, "Huyu si wangu tena. Mpeleke hospitali, mwanangu, sasa hivi." Mimi ndiye niliyesema tungoje kidogo, labda mvuke utamfungua. Hakunibembeleza. Aliinua sufuria na kuimwaga yote mtaroni, na watu wengine walikuwa wamekaa foleni. Kisha akasimama katikati ya barabara mpaka pikapu ya muuza magodoro ikasimama. Alipanda nyuma pamoja nasi, akamshikilia mume wangu akae wima njia nzima, huku akimwambia, "Usiongee sasa. Utanimalizia siku nyingine."

Daktari alimpokea, akamwekea oksijeni, akasema tumewahi.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alifika kutoka safari juzi. Wodini hakuruhusiwa. Alipewa mfuko wa nguo za kaka yake zinazonuka mkaratusi, akadhani bibi ndiye aliyemchelewesha, akaja nao hapa moja kwa moja bila hata kunipigia simu. Simlaumu. Alimwogopea kaka yake, na mwenye hofu hasikii. Leo asubuhi nilimwambia, "Shemeji, pua yako imesema kweli, ila imesema nusu." Aliinama, akalia. Yuko nje, anataka kufuta malalamiko.

Mume wangu ameruhusiwa leo. Amegoma kwenda nyumbani, amekaa kwenye benchi lenu. Anasema hawezi kulala kabla hajammalizia bibi kile kisa.

Afande, asante ya punda ni mateke, nami sitaki mtaa utuite punda. Mwenye maneno kwetu ni mume wangu, lakini hili nalisema mimi: nina mume leo kwa sababu ya bibi huyo aliyejua pa kuishia, na ya hospitali iliyompokea. Nawashukuru wote kwa moyo wangu wote. Naomba umfungulie.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi: Mama Vifungo

Maelezo ya askari: Yameandikwa nami tarehe 21, yakasomwa mbele ya shahidi. Mlalamikaji amefuta malalamiko na kumwomba bibi radhi. Bibi Blanketi ameachiwa saa kumi na moja jioni. Mume wa shahidi alimmalizia kisa hapo kaunta, bila kupumzika hata mara moja. Kwa maoni ya askari wote wa zamu, kisa hicho hakichekeshi. Bibi alicheka mpaka tukamletea kiti.