Mfongo wa Filbert

Jumatatu, 6 Machi 2006
Nimeshuka mjini toka Mwika, niko Majengo kwa mjukuu wangu Filbert. Ana duka la intaneti. Kijana kakonda kama ufito wa maharage. Kaniweka nyuma ya pazia, kompyuta namba sita, nimwone mtoto wa binti yangu Monica, aliyezaliwa Uswidi. Wa kike wa pili, na kwetu huyo hupewa jina la bibi mzaa mama, kwa hiyo jina ni langu: Avelina. Na pua yangu, maskini. Monica kasema, mama, picha ya kamera tuiache wazi kutwa, umwone ukitaka.

Jumatano, 8 Machi
Mtandao unajivuta. Wateja wanamsema Filbert, eti anawanyima, anawapa rafiki zake. Mwalimu Yoramu kaondoka kanuna, kasema haji tena.
Filbert kasema mtandao unagawiwa na ruta. Nikauliza, hiyo ruta iko wapi niipige teke? Akasema, bibi, haishikiki. Iko ndani ya kompyuta yangu, ni programu tu. Nikauliza, na inajua nani anavuta kiasi gani? Inajua — ila naangalia mimi peke yangu, kwa neno la siri.
Nikamwambia wewe mjinga, na nakupenda. Kwetu maji yakikatika kwenye mfongo, tunaufuata mfereji wote, kwenda juu, mpaka tuone palipoziba. Anayepanda peke yake ndiye huitwa mwizi. Wafungulie waone. Waone tu, wasiguse.
Akasema bibi, tuache. Mimi nikatoka nikawatangazia wateja: Jumamosi mtaona wenyewe.
Usiku hakumaliza ndizi zake.

Jumamosi, 11 Machi
Kafungua. Kila kompyuta sasa inaonyesha ruta inavyogawa: kila mashine na mstari wake, anayevuta sana mstari mrefu. Yoramu karudi kuhakikisha. Nimepokea shikamoo yake, nimerudi kwa Avelina wangu. Amelala. Namtazama anavyopumua, kama jana, kama juzi.
Nikamsikia Yoramu: mwizi huyu hapa, namba sita, anavuta karibu mtandao wote. Wakaulizana, sita ni nani?
Kumbe Filbert alijua tangu Jumatatu kuwa ni mimi. Kakubali kuitwa mwizi yeye.
Nimefungua pazia mwenyewe. Nikasema ni mimi, na kwetu faini ya mwizi wa maji ni debe la pombe ya mbege. Hakuna aliyecheka. Filbert kainama sikioni, bibi, nizime?
Naandika ili nisimjibu. Kidole chake kiko kwenye kitufe.
Avelina anafumbua macho. Yoramu kasema ngoja kwanza — kavuta kiti kando yangu, amtazame naye.