Bendera Nyeusi za Mbu

Dodoma, karibu na stesheni,
Ijumaa, 9 Februari 1912.

Mpendwa Mjomba Yotham,

Shikamoo, mjomba. Mbukwa sana, kama tunavyoamkiana kwetu Ugogo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kilosa, wewe na mke wako na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa Krismasi kimekwisha. Mama aliniambia ulikohoa kanisani hata mwalimu akasimamisha wimbo. Je, unakunywa ile mizizi aliyokupelekea, au umeitia uvunguni mwa kitanda kama kawaida yako? Nijibu kweli, si jibu la kumfurahisha mtoto.

Sisi huku ni wazima, ila wazima nusu. Mimi na Filipo mume wangu hatujambo. Mwanetu Ruthu ana homa. Leo inampanda, kesho inamwachia anaomba uji na kucheza, kesho kutwa inarudi na kumgonganisha meno. Amepewa kwinini, na kila akimeza ananitazama kama nimemtendea ubaya wa makusudi. Sasa hivi amelala mapajani mwangu, ndiyo maana mistari imepinda.

Nakuandikia kwa sababu nina hofu, na hofu hii sina mtu wa hapa wa kumwambia.

Ulisikia kwamba Filipo amepata kazi kwa Bwana Daktari wa serikali. Labda hukuambiwa kazi yenyewe, maana hata yeye aliona haya kuitaja. Anatafuta mbu. Cheka tu, mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye na Yahaya, Mrangi mmoja wa Kondoa, wanamfuata Daktari mji mzima, na penye maji yaliyosimama wanachota kwa kikombe cheupe watazame kama mna viluwiluwi. Wakiviona, Filipo anachomeka mti wenye bendera na Daktari anatia alama kwenye ramani. Wamepita mashimo ya udongo yaliyoachwa na wajenzi wa reli, lambo la ng'ombe, mapipa nyuma ya maduka ya Wahindi, hata nyayo za ng'ombe zilizojaa mvua. Majumbani Daktari anawapapasa watoto ubavu wa kushoto, akikuta bandama imevimba, nyumba hiyo nayo inaingia kwenye ramani.

Filipo anasema ukiitazama ile karatasi huwezi kubisha: penye mashimo ndipo penye watoto wagonjwa. Homa haiji na upepo, wala haitoki kwa jirani mwenye kijicho. Mbu ndiye anayeileta, na mbu anazaliwa kwenye maji yale. Yahaya akanitania, "Shemeji, nyinyi Wagogo mnalala na ndama na mbu tembe moja, mtapona lini?" Nikamwambia kwao milimani hawana mbu kwa sababu hata mbu anachagua wa kumuuma. Siku hizo tulikuwa bado tunacheka.

Sasa sikia balaa. Bendera zilikuwa nyekundu.

Umekaa Kilosa miaka mingi, lakini hili hujalisahau. Nyekundu, wakati wa mvua! Kwetu anayeomba mvua huvaa nyeusi na kutoa kondoo mweusi, na chekundu hakisogezwi karibu na maji. Filipo ni mtoto wa hapa, alipaswa kujua. Lakini alilelewa misheni tangu mdogo, kitambaa akapewa bomani, naye akakata na kuchomeka bila kuwaza. Mji ukawa mwekundu kila upande, na mvua ikakatika. Uwele ulikuwa umefika magotini, ukaanza kujikunja majani.

Watu wakaanza kumtazama vibaya. Kisha wakaacha kumtazama kabisa, na hilo liliniogopesha zaidi. Nikifika kisimani wanawake wanajitwika mitungi na kuondoka. Mzee Matonya, anayesikilizwa na wote katika mambo ya mvua, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni petu, akakataa kigoda nilichompa.

"Loisi, mwanangu," akasema, "mwambie mumeo amefunga mvua. Mimi simtishi. Namwambia kabla wengine hawajamwambia kwa namna yao."

Hapo nikafanya lililonijia kwanza. Nilikuwa na kaniki mbili. Nikaichana ile niliyojifunga nilipomzaa Ruthu, ambayo nilikuwa nimeiweka, nikashona bendera nyeusi. Filipo alipomwuliza Daktari, akajibiwa kwamba rangi si kitu, mradi zionekane kwa mbali. Tukazibadilisha zote. Wiki haikuisha, mjomba, mvua ikanyesha, na uwele ukasimama tena. Nililia kwa furaha kama mjinga.

Ukidhani balaa limekwisha, basi umedhani kama mimi. Watu walifurahi kupita kiasi. Walipoona kitambaa cheusi kimesimama juu ya maji, tena nguo ya mwanamke aliyezaa, wakayafanya yale mashimo kuwa maji ya mvua, maji ya kuheshimiwa. Wananyunyiza unga ukingoni. Hafui mtu pale, wala hanyweshi mbuzi. Mzee Matonya ametangaza kwamba asiwepo wa kugusa bendera wala kuchafua maji hayo mpaka mavuno. Filipo ameletewa kondoo wa shukrani. Na mbu wanastarehe, wamepata walinzi ambao hata bomani hawanao.

Jumatatu hii Daktari anaanza kumwaga mafuta ya taa kwenye kila shimo lenye bendera, halafu mashimo yafukiwe. Anayetangulia na debe ni Filipo, kwa kuwa ndiye anayeyajua yote.

Wazee wamesikia, na wamekwisha kusema neno lao. Atakayemwaga kitu kwenye maji ya bendera nyeusi, nyumba yake haitapewa moto, ng'ombe wake hawatakunywa na wa wenzake, na akifiwa atazika peke yake. Wapo vijana wanaosema hayo ni madogo, tembe yake ichomwe. Naye Filipo asipotangulia, ni hamsa ishirini bomani, viboko ishirini na vitano, na baada ya hapo sijui nini. Nilimwuliza atafanyaje. Akasema, "Nitamwaga, Loisi. Nimeiona ile ramani." Kisha akatoka kwenda kuwatazama ng'ombe ambao hawakuwa na haja ya kutazamwa.

Nimewakasirikia wote. Nimemkasirikia Daktari, anayepapasa mbavu za watoto wetu lakini haulizi mama zao neno lolote. Nimewakasirikia wazee. Nimemkasirikia na mume wangu kwa kuwa mkweli wakati usiofaa. Lakini hasira haichoti maji, na Jumatatu inakuja.

Shimo lililo karibu kuliko yote liko nyuma ya zizi letu. Asubuhi ya leo nilichota kwa kikombe kama wanavyofanya wao. Viluwiluwi vilijaa tele, vinapinda na kujinyoosha, na juu yangu kipande cha kaniki yangu kinapepea. Mwanangu anatetemeka, mjomba, na adui yake nimemwekea bendera ya kumlinda. Nilikaa pale chini.

Nilipoinuka nilikuwa nimeamua. Nguo ya mwilini ya mke wa mtu, kwetu mwanamume mwingine haigusi, hata Mzee Matonya hathubutu. Lakini mwenyewe akija kuchukua nguo yake, nani wa kumzuia? Jumatatu asubuhi, kabla Filipo hajafika na debe, nitapita shimo kwa shimo, mbele ya macho ya watu, nikusanye vipande vyangu. Nitasema kwa sauti kwamba niliviweka mimi na ninaviondoa mimi. Mafuta yakija yatamwagwa kwenye mashimo ya udongo wa reli, si kwenye maji ya bendera nyeusi. Mvua ikikatika tena, watajua ni nani wa kumwuliza, na hatakuwa Filipo.

Filipo hajui. Angejua angenifungia ndani.

Usiseme mtoto wa dada yako ameingiwa na wazimu. Naogopa. Nawaogopa wale wanawake wa kisimani kuliko wazee wote, kwa sababu mashamba ni yao na watoto watakaolala njaa ni wao. Hata mimi moyoni sina hakika kwamba mvua haikuja kwa ajili ya kaniki. Nimebatizwa, najua Mungu ndiye anayeleta mvua, lakini niliiona ikija, na unielewe. Hata hivyo mtoto aliye mapajani mwangu ni huyu mmoja.

Mama anakusalimu sana. Mdogo wangu Dorkasi anakuamkia. Nisalimie mke wako Yudith, umwambie kitambaa cha kichwa alichonipa nakivaa kila Jumapili. Nisalimie Seth na wadogo zake wote, na wale wa nyumba ya chini wanaoniuliza.

Yahaya ataikabidhi barua hii kwa mtu wa treni ya kesho, kwa hiyo itakufikia kabla ya Jumatatu, na najua hutaweza kunizuia. Ombi langu ni moja tu. Jumatano treni ya kutoka huku ikifika, uwe stesheni. Dorkasi atamleta Ruthu akae kwako mpaka masika yaishe. Mambo yakienda salama nitashuka pamoja nao, unigombeze utakavyo. Ukiona wameshuka wawili tu, usiwaulize mbele za watu. Wapeleke nyumbani, kisha panda treni uje, kwa maana nitahitaji mtu wa upande wa mama yangu wa kukaa mbele ya wazee na kunisemea.

Mungu akupe afya na maneno ya kutosha. Kwinini ya Ruthu nitaifunga kwenye pindo la nguo yake. Mpe hata akilia, mpe hata akikuchukia.

Mpwa wako akupendaye na kukutegemea,
Loisi