Vifurushi vya Kashani kwa Mjomba Mbwana

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
14 Novemba 1961

Mpendwa kaka Mohdhar,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima huko Kampala, wewe pamoja na kifua chako ambacho hakipatani na baridi ya asubuhi. Ile dawa ya tangawizi na asali niliyokuelekeza uliinywa, au uliisoma tu kisha ukaiweka juu ya rundo pamoja na mengine? Nijibu kweli, maana mimi nakujua. Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi. Mama bado anaumwa na magoti, na hilo si jipya. Siku atakayoamka bila kulalamika ndipo tutakapomwita daktari.

Mvua za mwaka huu hazina adabu. Makuti yanavuja mbele na nyuma, na sufuria zote za nyumba hii ziko sakafuni zikikinga maji, hata juzi Mama alipotaka kupika wali ikabidi achague baina ya njaa na kulowa. Njia ya kwenda pantoni imekuwa tope tupu. Wanaume wa hapa hata mvua hawaioni, kwani wanabishana habari za Mwambao, kama pwani ijitenge au la, tangu Alfajiri hadi Isha, kila mmoja na bendera yake kichwani.

Sasa nikupe habari unazozingojea. Ndiyo, nimenunua tena. Usicheke. Unamkumbuka Randu, yule aliyekuwa akiuza madafu karibu na pantoni? Siku hizi anauza vitabu. Wazungu wengi wa upande wa Shelly Beach wanafunga mizigo kwa sababu ya huu uhuru unaokuja, na vile wasivyoweza kubeba wanamwachia yeye. Randu huvitandaza juu ya gunia na kuviuza kwa unene, kama mtu auzaye samaki. Kitabu chembamba chenye maneno ya dhahabu ni rahisi, kinene cha hesabu za meli ni ghali. Na macho hayana pazia, kaka. Nilikwenda kununua chumvi nikarudi na kitabu cha kutunza maua ya nchi za theluji, juzuu ya pili ya tarikhi ambayo juzuu yake ya kwanza haipo, na kamusi ambayo mchwa wameanza kuila kwenye K wakashiba kwenye M. Chumvi nilisahau.

Rundo langu sasa limepita kimo cha kitanda, na Mama anaweka taa juu yake. Anasema nikifa hawatahitaji udongo, watanifukia kwa karatasi. Namwambia asubiri aone rundo lako, kwa vile uliniandikia kwamba vitabu vya chini ya kitanda chako vimekiinua mpaka unalala kama mtu aliye darini. Sisi wawili tuna ugonjwa mmoja. Tunanunua kama watu walioahidiwa kuishi miaka ya Nabii Nuhu, tukifika nyumbani na kitabu tunakipangusa vumbi, tunakinusa, tunasema hiki nitakianza Ijumaa. Ijumaa ngapi zimepita? Wewe afadhali, unafanya kazi katika duka la vitabu, una kisingizio.

Nimeanza na mzaha kwa kuwa sijui niingie vipi katika haya yanayofuata.

Katika barua yako ya mwisho uliuliza kama baba yako alikipenda kile kitabu cha safari za mahujaji ulichomletea kwa posta Idi iliyopita. Nilipomsomea swali lako, Mjomba Mbwana alinijibu kama anavyojibu siku zote: "Mwambie kimefika salama, na tumekiweka pahali pazuri." Nami huandika hivyo hivyo. Nimekuandikia jibu hilo mara nyingi, na hata siku moja sikujiuliza kwa nini mtu aliyekuwa akisimulia kitabu kuanzia jalada mpaka jina la mpiga chapa sasa ana jibu moja tu.

Wiki iliyopita maji yaliingia chumbani kwake. Nikakimbia kuokoa lile kasha lake la mbao za msaji lililo chini ya kitanda, nikijua humo mna kofia zake na nguo za Ijumaa. Nililifungua ili nitoe nguo zilizolowa. Kaka Mohdhar, humo mlikuwa na vifurushi vyako vyote. Vyote, na kila kimoja kimefungwa kama kilivyotoka kwako, kwa uzi wake na stempu za Uganda, na mwandiko wako juu. Hakuna hata kimoja kilichofunguliwa.

Nilikasirika, sikufichi. Nikatoka nacho kimoja mkononi kikidondoka maji nikamwuliza Mjomba hii ni kazi gani. Hakuona haya hata kidogo. Alinijibu kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mtoto saa ya kwenda chuoni kusoma Kurani: "Salme, hivyo vina mwenyewe. Yuwaja kuvifungua."

Hapo ndipo nilipokumbuka, na labda wewe nawe unakumbuka sasa. Ile desturi yake ya Alhamisi. Kitabu kipya hakikufunguliwa ovyo nyumbani kwa Mjomba. Kilingoja Alhamisi baada ya Alasiri, kahawa iive na kaimati ziwe tayari, na aliyekileta akae katikati ya mkeka, apige Bismillahi, akifungue kwa mkono wake na kuusoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Hata kiwe kitabu cha ufugaji wa kuku. Kitabu ni mgeni, alikuwa akisema, na mgeni huingizwa na aliyemleta. Baada ya hapo ndipo kila mtu angeweza kukichukua. Wewe mwenyewe ulipoleta kitabu chako cha kwanza ulikwama kwenye neno la tatu, na baba yako akawanyamazisha wazee wazima mpaka ulipolipata.

Sisi tuliondoka katika desturi hiyo bila kuaga. Wazee wa Alhamisi wengine wamekufa, wengine wamehama, mkeka umebaki wa kuanikia mpunga. Mimi nanunua kwa Randu na kuanza kusoma nikiwa bado ndani ya pantoni. Wewe, naamini, ulifikiri baba yako anavikata vile vifurushi siku hiyo hiyo na kusoma mpaka asubuhi. Kila ulipoandika kwamba Idi hii kazi zimezidi, nitakuja Idi ijayo, nawe ukaambatisha kitabu kizuri kuliko cha kwanza, ulidhani unampoza. Yeye alikihesabu kile kitabu kuwa ni mgeni aliyetangulia, na mwenye kumleta yuko nyuma njiani. Akakiweka kashani, akangoja.

Sikulaumu peke yako. Ningelifungua lile kasha mapema ningelikuandikia mapema.

Sasa nakuja kwenye jambo alilonikataza nisikuandikie. Nilimwambia "abee, Mjomba," na hivi nakuandikia. Yupo hapo nje barazani, anasikia kalamu inakwaruza, anadhani ni habari za mvua.

Macho yake yanakwisha. Tulianza kuona zamani kidogo, kwenye kazi yake ya kushona kofia. Ile kofia ya mwisho aliyoishona vitobo vyake vilipishana, naye, ambaye alikuwa akiwafumulia wengine kazi mbovu bila huruma, aliikunja akaificha. Halafu akaanza kugonga vizingiti. Mama alidhani ni mtoto wa jicho, utando ambao hutolewa mtu akapona, tukavuka kumpeleka hospitali. Daktari akasema siyo. Jicho la kushoto limekwisha kabisa, na la kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kufinya. Hakuna upasuaji wa kurudisha kilichokwenda. Nilipomwuliza ni muda gani, alisema hadhani kama atauona mwezi wa Ramadhani. Mjomba alikuwa amekaa pale pale anasikia. Njiani, tukiwa kwenye pantoni, aliniomba nimgeuze upande wa kulia ili autazame mji.

Mama alipopata habari za vile vifurushi alisema asiyekuwapo na lake halipo, vifunguliwe vyote nimsomee mzee ajiliwaze. Nami niliona ana haki. Viwili karatasi zake zilikuwa zimelowa na kuchanika zenyewe, nikavikausha karibu na jiko. Kimoja ndicho hicho cha safari za mahujaji, na wallahi ni kizuri, kina picha ya bandari ya Jidda iliyojaa watu. Alhamisi baada ya Alasiri nikapika kaimati. Nikatandika mkeka. Nikakaa katikati, nikapiga Bismillahi, nikaanza.

Sikufika mstari wa pili. Alinyoosha mkono akaupapasa ukurasa, akaufunika kwa kiganja. "Wewe wasoma uzuri, mwanangu," akasema, "wala sikukatazi kusoma. Lakini hiki hukukileta wewe." Akakitwaa, akaniomba karatasi kavu, akakifunga tena mwenyewe kwa kupapasa. Fundo lilimtoka mara kwa mara, nami nilipotaka kumsaidia alinisukuma mkono. Tulikula kaimati zilizokwisha poa. Mama alilia jikoni akasingizia moshi.

Najuta, kaka. Najuta kwa zile Alhamisi tulizoziacha zikatuponyoka tukidhani ni kahawa na porojo za wazee. Najuta kwamba mtu aliyetufundisha kupenda vitabu amekaa juu ya kasha la vitabu vipya na macho yake yanazimika, nasi wawili tumezungukwa na marundo tusiyoyasoma. Nikiyatazama yangu sasa, moyo unanisuta. Randu ameniwekea kitabu kingine cha nyota, nimemwambia amwuzie mtu mwingine.

Nilifikiri labda kinachomtia uchungu ni kutosikia yaliyomo, nikamwuliza. Akasema yaliyomo hayana haraka, vitabu havizeeki. Kisha akaniuliza kama nywele zako zimeanza kuwa na mvi, maana za kwake zilianza akiwa na umri wako. Nikamwambia sijui. Akauliza tena kesho yake, kana kwamba ningekuwa nimepata habari usiku.

Nikumalizie salamu, isije ikawa barua ya msiba. Mama yangu Mwanatabu anakusalimu sana, anasema shangazi yako bado anakukumbuka kila akipika ule mchuzi wako wa papa. Bi Nyevu jirani anakusalimu na anauliza kama huko Uganda kweli watu hula ndizi zisizoiva. Nimemwambia atakuuliza mwenyewe. Ishaka wa msikitini anakuombea kila Ijumaa, ingawa sauti yake imekwisha kwa kubishana habari za Mwambao. Nisalimie wenzako wa dukani, hasa yule mzee anayekufungia vifurushi kwa mafundo yasiyofunguka. Mwambie nimeyaona.

Limebaki neno moja. Jana, kabla sijakaa kuandika, nilidhani nimepata njia. Nikamwendea Mjomba nikamwambia, "Mjomba, kwa kuwa desturi ni ya kumheshimu aliyekileta, basi nitamwandikia kaka Mohdhar atupe ruhusa. Akiandika neno moja tu, kwamba Salme afungue kwa niaba yangu, hapatakuwa na kosa. Nitakusomea vyote." Niliona nimesema jambo la busara hata nikajipongeza.

Alikuwa na kifurushi kimoja mapajani, anakipapasa kwenye mwandiko wako, ingawa wino haupapasiki. Kisha akasema, "Usimwombe hilo, Salme. Mwanangu namjua, ni mpaji tangu udogo wake. Ukimwomba ruhusa, ataitoa."

Basi mimi sikuombi ruhusa.

Mungu akufanyie wepesi katika kazi yako, akupe ruhusa kwa mabwana zako, na akulinde njiani ukiwa kwenye gari la moshi la kuja huku mpaka ushuke salama. Amin.

Ni mimi nduguyo nikupendaye na nikugombezaye,
Salme binti Badi