Maneno Yangu Kwenye Simu Yako

Atieno rafiki yangu,

Nakuandikia nikiwa saluni hapa Kawangware, stendi ya 56, na nimemwacha mteja na nywele nusu. Anajifanya anaangalia simu lakini najua amekasirika. Siwezi kutulia. Tangu tukuzike naanza kusuka naacha, naenda mlangoni narudi.

Yule mwanamume wako wa mtandaoni ameshikwa. Hakufiwa na mke kama alivyokuambia, wala hakuwa injinia. Alianza kwa kutapeli wanawake waliotafuta waume, kisha akaanza kuwaua. Wewe ni wa tatu. Keshokutwa naenda kortini kutoa ushahidi.

Lakini anayeninyima raha ni mama yako. Ndugu yako alizipiga picha meseji zenu kabla polisi hawajachukua simu, na kila Jumapili nikimpitia mama Kibera ananiomba nimsomee, maana macho yake hayaoni herufi ndogo. "Nafula, rudia hapo," ananiambia. "Sikujua mtoto wangu anajua kuongea vizuri hivyo." Nami narudia. Nasoma maneno yangu mwenyewe, Atieno.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikaa kwenye kiti cha draya na kuninyooshea simu? "Nijibie huyu jamaa, mimi nitaharibu." Najibu vidole vikiwa na mafuta, tunacheka mpaka watu wa duka la hardware la jirani wanachungulia. Nilijiona fundi kweli. Siku aliyotaka mkutane ulisita. Ulisita, nami nikaona. Ni mimi niliyeandika kwamba utakuja, kwa sababu niliona uchungu kumpoteza mchumba niliyemtongoza vizuri namna ile.

Sasa wakili ataniuliza nani aliandika. Nikinyamaza, mama yako atabaki na maneno matamu ambayo si yako. Nikisema, nitamnyang'anya hayo, na atajua ni nani aliyekutuma kwa yule mtu. Naogopa. Sitakudanganya wewe.

Pumzika, mpenzi wangu. Nakuahidi nikimaliza kichwa hiki navuka kwenda Kibera, nimwambie mwenyewe kabla hajasikia kortini. Akinifukuza nitatoka. Akiniacha nikae, nitamsomea ile meseji moja uliyoandika bila mimi, ukiwa njiani kwenda kwa yule mtu, ambayo huwa nairuka kila Jumapili:

"Mimi si mtu wa maneno. Ukiniona usinicheke."

Nafula