Wamenilampuni

Jumatatu, 3 Machi

Nimebandikwa ubaoni! Karatasi nzima, kwa Kiingereza, inanihusu mimi. Juu kwa herufi kubwa: LAMPOON. Chini yake: Our Receptionist. Kliniki nzima ya meno, na madaktari wake wote, wamenichagua mimi wa mapokezi!

Aliyeandika ni Dokta Tabasamu, yule kijana wa chumba cha pili. Nikamuuliza lampoon ndiyo nini. Akasema ni heshima wanayopewa watu wakubwa, hata marais wameshaandikiwa. Nesi akashikwa na kikohozi, akatoka nje mbio. Maskini, kifua kile.

Kiingereza changu cha kuokoteza, lakini queen nimeliona. Malkia!

Jumanne, 4 Machi

Nimeomba nakala, nikaja nayo nyumbani. Mume wangu ameisoma akiwa amesimama. Akarudia tena. Mabega yakaanza kumtikisika — nikamuuliza, unalia? Akasema amefurahi kwa ajili yangu.

Akaitia kwenye fremu, akapiga msumari mwenyewe, sebuleni, juu ya televisheni. Mtu ambaye kubadilisha balbu ya stoo kumemshinda! Nimelala na raha zangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia mama mkwe. Nikamwambia, mama, wamenilampuni kazini.

"Inauma?" akauliza.

Nimecheka mpaka machozi. Nikamweleza ni tuzo. Akasema, haya, angalau na wewe una kitu cha kuonyesha watu.

Angalau. Najua hilo neno lake linaelekea wapi. Ndoa yote hii, mtoto hakuna, na mwenye tumbo bovu ni mimi. Wifi naye huwa ananiita "mti wa mapambo". Nimemeza. Nimekuwa hodari wa kumeza.

Jumatano, 12 Machi



Leo amekuja mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, shavu limevimba kama amefutika limau. Foleni ndefu, nikaona nimchangamshe. Mwalimu, hebu soma pale ubaoni, ndiye mimi huyo! Akasoma. Akavua miwani. Akaivaa, akasoma tena.

"Binti, nani amekwambia hii ni sifa?"

"Dokta. Kwani siyo?"

"Lampoon ni maandishi ya kumdhihaki mtu mbele za watu. Unamchukua jinsi alivyo, unamkuza pua, unamkuza makosa, mpaka anakuwa kikaragosi. Wanafanyiwa wakubwa, ni kweli. Watu wanaowakanyaga wenzao."

"Mimi nimemkanyaga nani?"

Nikaongeza, labda ni utani tu, Mwalimu. Akatikisa kichwa. Kwenye utani, alisema, wote wawili mnajua mko kwenye utani.

Nikamlazimisha anitafsirie. Hakutaka. Nikamwambia hutaingia kwa daktari mpaka unisomee — Mungu anisamehe, mzee wa watu alikuwa na maumivu. Akasoma kwa sauti ya chini, ameshika shavu. Malkia wa Mapokezi. Sauti yake nzuri ajabu, ikiita majina wagonjwa wanaomba wang'olewe masikio badala ya meno. Anamuuliza mgonjwa: you are paining who? — yaani, unamuumiza nani? Wigi lake lilifika kazini kabla yake. Wagonjwa wanacheka, wameketi palepale chini ya ubao, na mimi siku zote hizi nawarudishia kicheko!

Halafu mstari wa mwisho. Kila asubuhi Malkia hufanya mazoezi bafuni, ameweka mswaki sikioni, anajibu simu ya Malkia mwenzake.

Mswaki.

Hilo ni kweli. Nafanya. Lakini bafu ni la kwangu, nyumba ni ya kwangu, na aliyewahi kuniona ni mtu mmoja tu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemuuliza Dokta huku natabasamu: lile la mswaki umelipata wapi, maana limenichekesha! Akalegea mara moja.

"Si mumeo, shemeji! Tulikuwa tunaangalia mpira, akaigiza mpaka tukaanguka chini. Karibu yote ni yake, mimi nimetia Kiingereza tu."

Karibu yote.

Jioni nimempakulia mume wangu chakula. Nikamwongezea mchuzi. Akala chini ya ile fremu, akainua macho mara moja, akatabasamu na sahani yake. Nikamuuliza kimenoga? Kimenoga.

Jumamosi, 15 Machi

Kesho mama mkwe na wifi wanakuja kumpongeza mume wangu. Amepandishwa kuwa msimamizi wa ghala. Ameniomba nami niseme maneno mawili. Ya kumsifu. Nikasema, nitakulampuni.

Akacheka, lakini kicheko kilikwama njiani.

Kamusi ya ofisini inasema tashtiti, dhihaka, kebehi. Yote mazuri, hakuna lenye meno. Nimekaa jikoni kutwa naandika, na — niseme ukweli, nani ataniona — sijawahi kufurahi hivi. Kumbe ni rahisi! Uongo hauna kazi kabisa. Unahitaji kuishi na mtu, basi. Anavyopaka ndevu rangi ya viatu. Anavyojibana tumbo akimwona mke wa jirani. Alivyojifungia chooni kwa sababu ya panya, akaniita mimi nije na fagio.

Aya ya mwisho sijaiandika. Iko kichwani. Daktari wa uzazi alitueleza wote wawili, mlango umefungwa: tatizo ni la mwanamume. Mume wangu akalia njia nzima. Akanishika mkono, mama asijue, nakuomba, mama asijue. Nikaahidi. Na nimebeba, nimeitwa mti wa mapambo, nimebeba.

Jumapili, 16 Machi

Naandika haraka, chumbani, nimefunga mlango. Nimewaambia nakuja kunywa dawa ya kichwa.

Sebuleni wanakufa kwa kicheko. Nimesimama chini ya fremu yangu, nikaanza na rangi ya viatu. Wifi kapiga kofi la paja. Panya — mama mkwe amekohoa mpaka kapewa maji! Mume wangu ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Nikasema: na sasa, jamani, tuingie kwa daktari.

Nimemwona uso ukimshuka. Taratibu, kama pazia. Nikanyamaza nimtazame vizuri. Tamu! Sijui niliitoa wapi roho hii, lakini tamu. Ndipo nikasema kichwa kinaniuma.

Sasa yuko nje ya mlango.

"Mke wangu. Inatosha. Ile karatasi nitaitoa ukutani, nitaichana sasa hivi. Uliniahidi."

Mama mkwe anapaza sauti kutoka sebuleni: mwache mwenzio aseme, mwanamume gani hawezi kuchekwa! Mkwe wangu, umetuficha kipaji hiki miaka yote? Kwani imebaki nini?

"Aya moja tu, mama!"

Wanapiga makofi. Nasikia mgongo wake ukiteleza mlangoni, ameketi chini. Ananiita kwa jina langu la usichana, lile ambalo hajaliita tangu tuoane.

"Nakuja, mama," nimesema. Natafuta viatu.