Mwenye Kukunguta Bleu ya Baba Béa

Jeudi asubui. Baridi imelala mu lupango, uwanja ya nyumba, na vidole yangu haitake kufunguka.

Muko bantu ya namna gani? Wiki tatu hakuna mumoja mwenye kuacha hapa ku ukurasa yangu hata neno moja, kuniuliza kama niko muzima. Odette, muke ya mutoto wangu, njo anaandika bile ninasema, juu mimi masomo sikuonja. Ananionyesha mu telefone: kimya tu. Lakini mukisikia matanga yangu, mutajaa hapa na machozi. Kujeni wakati ningali ninakula.

Bon. Ikaleni.

Leo moyo yangu haitulie.

Bwana yangu, baba ya binti yetu Béa, alitumika mu usine, kiwanda ya manjanja ya amiante, ile asbesto ya kijivu, nzito, yenye ingali inafunika manyumba mingi huku kwetu. Alikuwa mu chumba ya kukata. Mangaribi alikuwa anarudia mweupe sawa muntu mwenye kutoka ku kinu ya bunga. Alikufa na kifua, ni miaka mingi sasa. Usine nayo ilifungwa.

Mwezi ilipita, muntu wa assurance, bima, alifika hapa. Monsieur Anaclet. Viatu yake inangaa, lakini alikubali kuikala ku kiti yangu ya kuvunjika, njo maana nilimupenda. Assurance yake njo ilikuwa inabeba ile usine zamani. Sasa anapita nyumba kwa nyumba na kaye, daftari yake: nani alitumika mu kukata, nani mu kupakia, miaka gani, nani angali muzima, nani anakohoa.

Nilimwambia: "Baba, umechelewa. Benye kukohoa tulishazika."

"Sikukuja juu ya bale tu, Maman. Nimekuja pia juu ya benye hawajagonjwa."

Nilifikiri anachezea mimi. Akaeleza polepole. Vumbi ya amiante ikiingia mu kifua inaweza kulala miaka makumi tatu, makumi ine, kisha inaamuka. Assurance haiwezi kungojea bantu bagonjwe njo ianze kutafuta feza. Inapashwa kukisia leo: ku bale ba kukata, bangapi watagonjwa na kuja kudai? Ku bibi zao, bangapi? Na inaweka kitu pembeni juu yao. Tena usine ilibadilishaka assurance, na kila moja inabeba miaka yake tu. Njo maana alikuwa ananiuliza miaka sawa polisi.

Hapo nilielewa. Mu chama yetu ya bamama tunafanya vile vile. Tunaikala, tunaangaliana: huyu amezeeka, huyu ana sukari, huyu miguu inavimba. Tunaweka kitu ya matanga mbele muntu hajakufa. Hakuna anayetaja jina. Macho tu njo inapita.

Lakini kuangaliwa na ile macho, banangu, ni kintu ingine.

Kisha akauliza: "Nani alikuwa anafula bleu yake ya kazi?"

Nikasema mimi.

"Na kukunguta?"

Benye hamukuishi ile wakati, sikieni. Maji tulichota mbali, ku robinet moja ya avenue nzima. Ile bleu ukiitia mu maji na vumbi yake, maji inakuwa sawa simenti. Basi tulikuwa tunatundika nguo ku kamba na kuipiga na fimbo, kila samedi. Pa, pa, pa, mu malupango yote. Bleu ya bwana ikingaa, muke anatembea shingo juu. Mimi nilitembea shingo juu sana.

"Na kukunguta, Maman? Nani?"

"Mimi tu."

Nilisema bongo, uongo mutupu.

Mwenye kukunguta alikuwa Béa, binti yangu wa kwanza. Alianza na miaka saba. Mimi nilikuwa na mimba, mugongo inauma, nikamupa fimbo. Alikuwa anapiga na kucheka, nywele nyeupe, nyusi nyeupe. Nilikuwa namuita "nkambo yangu", muzee yangu, juu ya ile mvi ya vumbi. Na mimi nilicheka.

Sasa kile kicheko hakitoki mu masikio yangu.

Juu ya nini nilimuficha? Niliona kalamu ya ule baba, nikasikia kama jina ya Béa ikiingia mu kaye, ile vumbi itasikia inaitwa, itaamuka. Béa ana batoto bane. Anauzisha samaki kule Kipushi, sauti yake inafika ku mupaka ya inchi. Nilitaka abakie inje ya hesabu.

Odette njo alinifungua macho, tunatoka kanisa. "Maman, mwenye haandikwe, hawekewe kitu. Siku akigonjwa, watasema: huyu hatumujue." Na Monsieur Anaclet alisemaka benye kuandikwa wataitwa kupigwa picha ya kifua kila mwaka, ugonjwa isiwakute usingizini.

Basi nilimupigia Béa, nikamwambia yote. Akasema: "Mama, mimi nilipendaka ile kazi. Ni saa ile tu tulikuwa tunabakia siye wawili." Nikafikiri imekwisha vizuri. Akaongeza: "Na sasa unataka kuniweka mu kaye ya bafu, ya benye kufa?" Akakata.

Ni dimanche tatu sasa, siku ya kanisa, hafike hapa.

Sijue kama anakohoa. Hilo njo linanikula. Zamani ningesikia kifua yake kwa kumusalimia tu.

Lundi, kesho ya dimanche, Monsieur Anaclet anarudi kufunga kaye ya quartier yetu. Jina ya muntu mukubwa haandike ku mudomo ya mama yake, anamutaka mwenyewe na carte yake ya électeur, ile ya kupigia kura. Mimi nitasahihisha bongo yangu mbele yake, haya au hapana haya. Ingine haiko mu mikono yangu.

Na weye mwenye kusoma, mara ingine ukipita huku usiniulize habari ya baridi. Kuja na jina ya mwenye alikuwa anakunguta nguo ya baba yenu.

Béa, najua unasomaka hapa. Kuja dimanche na ile carte. Kama uko na hasira, kuja nayo, bukari, ugali yetu, itatosha. Usipige hodi. Pita nyuma, ku kamba ya nguo, ukohoe kidogo nikusikie.