Kitambaa cheupe cha Ras Kisimani

Saleha, unamjua kaka yangu Haruni na wageni wake. Leo kawapeleka Ras Kisimani, kwenye yale magofu.

Kaburi moja la kale lilikuwa limefungwa kitambaa cheupe, kimechakaa. Haruni kadhani ni uchafu wa wavuvi wa dago, wale wanaopiga kambi pale. Kakichoma moto ili picha zitoke safi. KAKICHOMA, shoga!

Akatokea bibi mmoja aliyekuwa akichokoa pweza. Haruni akamwamkia, "Shikamoo, bibi." Bibi hakuitikia! Alimuuliza tu, "Unajua umechoma cha nani?"

Haruni akacheka. Saleha, akacheka mbele ya wageni!

Bibi akamwambia, "Cha mama yako. Ulipougua utotoni, watu walishakata tamaa. Akaja kuweka nadhiri hapa, ukapona. Kila mwaka anakuja kukifunga kipya."

Hatukuwahi kuambiwa, wallahi!

Sasa kaka yuko barazani, chakula hakigusi. Mama hajui lolote. Sasa hivi katoka ndani na kitambaa kipya mkononi, anacheka, anamwambia, "Haruni mwanangu, ukienda tena Kisimani nichukue na mimi. Kile chako kimeshachakaa."